Pumba za Mchele na Mizani ya Yin na Yang

Desemba 1882 meli ya mafunzo ya jeshi la majini la Japani, Ryujo, iling'oa nanga kuelekea New Zealand, Amerika ya Kusini na Hawaii. Ndani yake mlikuwa na watu 376, wengi wao vijana. Iliporudi mwaka uliofuata, watu 169 walikuwa wameugua beriberi na 25 walikuwa wamekufa. Beriberi huanza kwa miguu kufa ganzi na kuvimba, kisha pumzi inakatika, na mwisho moyo unashindwa kazi. Safari hiyo haikuwa na vita. Kilichokuwepo ni wali mweupe, wa kushiba, asubuhi hadi jioni.

Daktari wa jeshi hilo, Takagi Kanehiro, alikuwa amesomea London katika hospitali ya St Thomas's. Aliona jambo ambalo wenzake walilipita: maofisa, waliokula vyakula mchanganyiko, waliugua kwa nadra, ilhali mabaharia wa kawaida waliojazwa wali ndio waliozikwa. Akaomba jaribio. Mwaka 1884 meli nyingine, Tsukuba, ilipita njia ile ile ya Ryujo, ila jikoni mambo yalibadilishwa: nyama, mkate, maziwa, shayiri, na wali ukapunguzwa. Waliougua walikuwa wachache sana, na beriberi haikuua hata mtu mmoja. Jeshi la majini likabadili posho ya chakula, na katika miaka michache ugonjwa ukakaribia kutoweka melini.

Takagi aliamini kwamba mabaharia walipungukiwa protini. Alikosea. Kilichokosekana ni thiamini, yaani vitamini B1, ambayo imo kwenye pumba na kiini cha punje na huondoka mchele unapokobolewa hadi kuwa mweupe. Kulijua hilo kulichukua muda. Christiaan Eijkman, Mholanzi aliyefanya kazi Batavia kule Java, aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakipooza na waliopewa pumba wakiinuka. Suzuki Umetaro akafanikiwa kutenga kiini cha dawa hiyo kutoka kwenye pumba mwaka 1910. Basi Takagi alikuwa na chakula sahihi na maelezo potofu, na mabaharia wakapona vilevile, kwa sababu alikubali meli ya pili iamue.

Jeshi la nchi kavu lilikataa. Madaktari wake wakuu, akiwemo Mori Rintaro, ambaye wasomaji wa riwaya wanamfahamu kwa jina la Mori Ogai, walikuwa na elimu ya Kijerumani na walitafuta vijidudu. Tena palikuwa na ahadi kwa vijana: wewe uliyekulia kijijini kwa shayiri na mtama, ukivaa sare utakula wali mweupe, chakula cha wenye nacho. Katika vita dhidi ya Urusi vya 1904 na 1905, askari wapatao 250,000 waliugua beriberi na takriban 27,000 wakafa nayo.

Makrobiotiki, mfumo wa ulaji unaotanguliza nafaka nzima na mizani ya yin na yang, inatoka katika Japani hiyo. Watu wengi huidhania kuwa hekima ya kale iliyohifadhiwa milimani na watawa. Ukweli ni kwamba ni mtoto wa karne ya 19, aliyezaliwa pale nchi ilipokuwa inabadilika kwa kasi na watu wake wakiugua kwa chakula walichokionea fahari.

Ishizuka Sagen alikuwa daktari katika jeshi hilo hilo la nchi kavu. Mwaka 1896 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu lishe na maisha marefu, akidai kwamba afya inategemea uwiano wa madini mawili, sodiamu na potasiamu. Kwake, Wajapani walikuwa wanauvuruga uwiano huo kwa kuiga Ulaya: nyama nyingi, sukari nyingi, nafaka iliyokobolewa. Dawa yake ilikuwa mchele ulioachiwa pumba zake, mboga za msimu, mwani, maharage na samaki kidogo. Mwaka 1907 wafuasi wake walianzisha chama cha kueneza mafundisho hayo. Humo ndimo zilimokuzwa kanuni mbili ambazo hadi leo ni nguzo za makrobiotiki: kwanza, mwili na ardhi unakoishi havitenganishwi, kwa hiyo kula kinachoota ulipo na kwa msimu wake, pili, kula kitu kizima, punje na pumba yake, mzizi na majani yake.

Kanuni hizo mbili nazipenda, na sioni haya kusema hivyo. Nyumba nyingi za Tanzania zinaujua mjadala huu kwa majina ya dona na sembe. Unga wa dona unabaki na kiini na ganda la punje. Sembe ni nyeupe, laini, na kwa miaka mingi imekuwa alama ya kwamba mambo yako si mabaya. Nani asiyejua mgeni wa heshima anapikiwa ugali upi? Ishizuka alikuwa anapigana na heshima ya namna hiyo, na heshima ni adui mgumu kuliko njaa.

Lakini haki itendeke kwa waliochagua weupe. Pumba ina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Mchele wenye pumba haukai ghalani muda mrefu kama mweupe. Huchukua karibu mara mbili ya muda motoni, na anayenunua mkaa kwa kopo anajua maana yake. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu, ila hakuna aliyewaambia bei yake.

Mtu aliyeibeba elimu hii kuvuka bahari ni Sakurazawa Yukikazu, mzaliwa wa Kyoto mwaka 1893. Kifua kikuu kilimchukua mama yake, kisha kikamshika yeye akiwa kijana, na kwa maelezo yake mwenyewe alipona kwa kufuata mafundisho ya Ishizuka. Mwaka 1929 alikwenda Paris karibu mikono mitupu, na mwaka 1931 akachapisha kitabu kwa Kifaransa kuhusu falsafa ya Mashariki. Ulimwengu ulimjua kwa jina la George Ohsawa. Alikuwa na kipaji cha kuyafanya mambo yawe mepesi kumeza. Sodiamu na potasiamu haziwezi kumteka msikilizaji ukumbini. Kwa hiyo akaziweka chini ya mwavuli mpana zaidi wa yin na yang. Na kwa mfumo mzima akachukua jina makrobiotiki, ambalo daktari Mjerumani Christoph Wilhelm Hufeland alikuwa amelitumia zaidi ya karne moja kabla yake kwa sanaa ya kurefusha maisha.

Katika fikra ya Kichina, yin na yang huelezwa kwa kilima kimoja chenye upande wa jua na upande wa kivuli. Mchana ukisogea, pande hubadilishana. Hakuna jiwe kilimani hapo ambalo ni la kivuli daima. Hapo ndipo pana uzuri wa fikra hiyo: kitu kinakuwa yin au yang kikilinganishwa na kingine, mahali fulani, kwa saa fulani.

Ohsawa aliupanga upya mfumo huu. Kwake yang ni nguvu inayovuta ndani: kukaza, kugandamiza, joto, uzito. Yin ni nguvu inayotanua: kulegeza, kupoa, kupanda juu, wepesi. Mtu aliyesomea tiba ya Kichina akisoma majedwali yake hupotea njia, kwa kuwa Wachina huita mbingu, pana na nyepesi, kuwa yang, na ardhi nzito kuwa yin. Si tofauti ndogo. Inamaanisha kwamba jedwali tunaloliona katika vitabu vya makrobiotiki ni kazi ya mtu mmoja wa karne ya 20, na linastahili kupimwa kama kazi ya mtu, bila kuogopwa kama wosia wa mababu.

Jikoni, mfumo unafanya kazi hivi. Nyama, mayai na chumvi ziko upande wa yang iliyokithiri. Sukari, pombe na matunda ya nchi za joto yako upande wa yin iliyokithiri. Katikati zimekaa nafaka nzima, kisha kunde, mboga na mwani. Mzizi unaochimba chini, kama karoti, una yang kuliko jani linalopanda juu. Moto, chumvi, muda na mgandamizo wa sufuria ya presha huongeza yang. Maji, mafuta na ubichi huongeza yin. Kwa hiyo mpishi habadilishi viungo tu. Mboga ile ile anaweza kuichemsha muda mrefu kwa chumvi siku ya baridi, au kuipitisha kwenye maji ya moto na kuitoa ingali inang'aa siku ya joto.

Siku ya kawaida ya mfuasi huanza na supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi miezi kadhaa, ikiwa na vipande vya mwani na kitunguu. Mchana ni wali wa mchele mzima, uliolowekwa na kupikwa kwa chembe ya chumvi, na juu yake gomasio: ufuta uliokaangwa pasipo mafuta, ukatwangwa taratibu na chumvi kidogo hadi harufu ijae nyumba. (Ufuta wa Lindi na Mtwara ni miongoni mwa ufuta unaonunuliwa na Japani, kwa hiyo si ajabu ikawa mkulima wa Nachingwea anachangia mlo huo pasipo kujua.) Pembeni pana mboga za aina mbili tatu, maharage madogo mekundu ya azuki yaliyopikwa na boga, kachumbari ya figili iliyochachushwa. Chai ni ya vijiti vya mmea wa chai, si majani, kwa sababu ina kafeini kidogo. Kila tonge hutafunwa mara nyingi mno, mara 50 na zaidi kwa wanaoshika sana.

Anayekula hivi baada ya miaka ya soda, chipsi na maandazi atajisikia vizuri, na hahitaji yin wala yang kulieleza hilo. Amepata nyuzinyuzi, amepunguza sukari, anakula polepole, anapika mwenyewe. Tafiti za watu wazima wanaokula kwa mtindo huu zimeonyesha shinikizo la damu la chini na lehemu ya chini damuni kuliko jirani zao. Wanaocheka makrobiotiki pasipo kukiri hili hawatendi haki.

Na kuna faida nyingine isiyopimika maabara. Mpishi aliyezoea kuuliza leo hali ya hewa ikoje, nani anakula, jana tulikula nini, amekuwa makini na watu wake. Ohsawa mwenyewe aliorodhesha dalili saba za afya, nazo ni kutochoka, hamu nzuri ya chakula, usingizi mzito, kumbukumbu, furaha, wepesi wa kufikiri na kutenda, na ya mwisho, haki. Sijui mwongozo mwingine wa lishe unaoweka haki miongoni mwa dalili za mwili kuwa mzima. Hapo nasimama na kumheshimu.

Pwani yetu ina elimu yake ya mizani, iliyokuja kwa njia nyingine. Tiba ya Wayunani, iliyopangwa na Ibn Sina katika kitabu chake cha Qanun na kusafiri pamoja na Uislamu na majahazi, iligawa mwili kwa damu, balghamu, safura na sauda, na vyakula kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Mabaki yake yamo majikoni Lamu, Mombasa na Unguja hadi leo. Mzazi hupewa uji wa pilipili manga kwa sababu uzazi umemwachia baridi mwilini. Tangawizi na mdalasini ni vya joto. Tango na tikiti ni vya baridi. Mzee mwenye maumivu ya viungo ataonywa asile chakula fulani jioni. Elimu hii nayo si ya kuaminiwa kwa kila inachosema. Ila tazama inavyoanza: kwanza anatajwa mtu, ni mzazi, ni mgonjwa, ni mtoto, kisha chakula. Tango halilaaniwi. Linaahirishwa.

Ohsawa, kwa bahati mbaya, alizidi kulaani. Mwaka 1955 yeye na mkewe Lima walifika Lambaréné, Gabon, kwenye hospitali ya Albert Schweitzer. Alitarajia kumshawishi daktari huyo mashuhuri kwamba maradhi ya Afrika ya ikweta yanatokana na yin kuzidi. Huko alishikwa na vidonda vibaya vya nchi za joto, na kwa maelezo yake alijitibu kwa chumvi na chakula cha yang tupu, akapona. Schweitzer hakushawishika.

Kisa hiki kinanisumbua, kwa kuwa hapa kanuni ya kwanza ya makrobiotiki iligongana na jedwali lake. Ikiwa mwili na ardhi havitenganishwi, basi mtu wa bonde la mto Ogooué huko huko Gabon, kwenye joto na jasho, anakula ndizi, papai na nanasi kwa haki kabisa, maana ndivyo vinavyoota anapoishi. Mfumo wenyewe unasema joto la nje husawazishwa na chakula kinachopoza. Lakini jedwali lilikuwa limeshaandikwa kwa ajili ya watu wa baridi, nalo lilisema embe na papai ni hatari. Jedwali ndilo lililoshinda. Tena Ohsawa aliwahimiza wafuasi wapunguze maji ya kunywa. Ushauri huo kwa mtu anayelima juani Gabon, au Tanga, ni wa kumdhuru. Kilima kilikuwa na upande wa jua na wa kivuli. Sasa kila jiwe lilikuwa limepakwa rangi moja ya kudumu.

Miaka michache baadaye alifika Marekani, na huko mafundisho yake yaliangukia kizazi cha vijana waliotafuta njia mpya. Kitabu chake cha 1960 kuhusu makrobiotiki ya Zen kilikuwa na ngazi kumi za ulaji, kutoka hasi 3 hadi 7. Kila ngazi iliyopanda iliongeza nafaka na kupunguza vingine, na ngazi ya 7 ilikuwa nafaka peke yake, kwa asilimia 100. Yeye aliiona kama mfungo wa muda. Lakini ukimpa kijana ngazi na kumwambia ya juu ndiyo safi kuliko zote, atapanda, na hatataka kushuka.

Novemba 1965 mwanamke mwenye umri wa miaka ya ishirini alifariki New Jersey baada ya miezi kadhaa ya ulaji huo. Alikuwa amekonda kupita kiasi. Mwaka 1967 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilieleza kisa cha kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani wasiopata matunda, kilichosababishwa na mlo huu. Mwaka 1971 chama hicho kilitoa onyo rasmi. Ohsawa alikuwa ameshafariki Tokyo, Aprili 1966.

Linganisha na Takagi. Naye alikuwa na nadharia isiyo sahihi. Lakini nadharia yake ilipakiwa melini, ikahesabiwa wagonjwa na wafu, na kama Tsukuba ingerudi na maiti 25 asingekuwa na pa kujificha. Katika makrobiotiki ya ngazi ya 7, mfuasi akidhoofika aliambiwa kwamba sumu zinatoka. Akizidi kudhoofika, alikuwa hajashika vya kutosha. Mwili ulikuwa unasema, na kila ulichosema kilihesabiwa kuwa ushahidi wa upande mmoja. Yin na yang hazikuwa mizani tena hapo. Mizani hukubali kuelemea upande usioupenda.

Walioiokoa makrobiotiki ni Michio Kushi, aliyefika Marekani mwaka 1949, na mkewe Aveline. Waliishi Boston, na mwaka 1966 walifungua duka dogo, Erewhon, lililouza mchele mzima, miso, mwani na mafuta ya ufuta wakati ambapo vitu hivyo havikuonekana madukani. Kushi aliziacha ngazi. Mlo wake wa kawaida ulikuwa mpana zaidi: nafaka nzima karibu nusu ya sahani au zaidi kidogo, mboga robo au zaidi, maharage na mwani sehemu ndogo, supu, samaki mara chache, matunda ya mahali ulipo. Kule California, kampuni ya Chico-San iliyoanzishwa na wanafunzi wa Ohsawa ilitafuta wakulima watakaolima mpunga pasipo dawa za kemikali, na ndugu wa Lundberg walikubali mwaka 1969. Sehemu kubwa ya maduka ya vyakula vya asili yanayoonekana leo miji ya Marekani ina mizizi katika kazi ya watu hao. Mwaka 1999 makumbusho ya Smithsonian yalipokea kumbukumbu za familia ya Kushi, na yalistahili kuzipokea.

Kisha likaja suala la saratani, na hapa lazima niseme polepole.

Anthony Sattilaro alikuwa daktari na mkuu wa hospitali mjini Philadelphia. Mwaka 1978 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume iliyokuwa imesambaa hadi kwenye mifupa. Akirudi kutoka kumzika baba yake, ambaye naye aliuawa na saratani, aliwapa lifti vijana wawili barabarani. Mmoja wao akamwambia kwamba ugonjwa huo hauna haja ya kumuua, abadilishe chakula. Alifuata makrobiotiki, nguvu zikarudi, picha za mifupa zikaonekana safi. Kitabu chake cha 1982 kilisomwa na maelfu ya wagonjwa, na wengi wao wakaacha nyama, na baadhi, nasikitika kusema, wakaacha hospitali. Wachache walizingatia kwamba Sattilaro alikuwa pia amefanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani na kupewa homoni, matibabu yanayojulikana kuirudisha nyuma saratani hiyo kwa muda. Saratani ilirudi. Alifariki mwaka 1989.

Aveline Kushi alifariki mwaka 2001 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Michio alifariki mwaka 2014 kwa saratani ya kongosho. Kuna watu waliozipokea habari hizo kwa ushindi, na mimi siwezi kuwa mmoja wao. Saratani humpata aliyekula vizuri na aliyekula vibaya. Chakula hupunguza baadhi ya hatari, hakifungi mlango. Lakini mfumo uliofundisha kwamba kila ugonjwa ni mizani iliyovurugwa na mwenye mwili, unamwachia mgonjwa mzigo wa pili juu ya wa kwanza: kwamba amejiletea. Nimewaona wagonjwa wakijihukumu hivyo vitandani, na hakuna wali wa aina yoyote unaolipa hasara hiyo. Hakuna jaribio la kitabibu lililoonyesha kwamba makrobiotiki hutibu saratani.

Chumvi nayo inahitaji neno. Miso, mchuzi wa soya, gomasio na kachumbari za kuchachusha, vikijumlishwa, huzidi kwa urahisi gramu 5 za chumvi kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka tusikivuke. Mikoa ya kaskazini ya Japani, kama Akita, ilijulikana katikati ya karne ya 20 kwa chumvi nyingi na kiharusi kingi, na hali ilianza kuwa nafuu watu waliposhawishiwa kupunguza. Na mwani wa aina ya hijiki, mweusi, unaopendwa na wapishi wa makrobiotiki, una aseniki ya kutosha kiasi kwamba mamlaka ya chakula ya Uingereza ilishauri mwaka 2004 usiliwe kabisa.

Kisa ninachokithamini kuliko vyote kinatoka Uholanzi. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Wageningen, akiwemo Pieter Dagnelie, waliwafuatilia watoto wa familia za makrobiotiki. Wazazi hao walikuwa watu wema, wenye elimu, waliopika kwa uangalifu kuliko jirani zao. Watoto walinyonyeshwa maziwa ya mama. Tatizo kubwa lilikuja walipoachishwa ziwa. Uji wa nafaka nzima hujaza tumbo dogo kabla haujatoa nguvu ya kutosha. Mafuta yalikuwa machache, maziwa hayakuwepo, samaki alikuwa nadra. Watoto walibaki nyuma kwa urefu na uzito, wengine walionyesha dalili za matege, hasa majira ya baridi jua lilipopotea, na damu yao ilikuwa na vitamini B12 kidogo mno. Wazazi waliamini kwamba mwani na vyakula vilivyochachushwa vinatoa vitamini hiyo. Watafiti walivijaribu kwa watoto wenyewe, na hali ya damu haikutengemaa. Samaki aliisaidia.

Kilichofuata ndicho kinachonipa matumaini. Watafiti hawakuwatangaza wazazi kuwa wakatili. Walikaa nao na walimu wao, wakawaonyesha vipimo, na kupendekeza mambo ndani ya mlo wenyewe: mafuta zaidi katika uji wa mtoto, samaki wenye mafuta, maziwa kiasi kila siku, nyuzinyuzi zipunguzwe kwa walio wadogo kabisa. Familia nyingi zilikubali, ingawa kwa waliolelewa katika jedwali la Ohsawa maziwa yalikuwa kitu cha kukataliwa. Waliweka chupa mezani. Katika ufuatiliaji wa miaka iliyofuata, watoto wa familia zilizoongeza samaki na maziwa walikua haraka zaidi kuliko wale wa familia zilizobaki kama zilivyokuwa. Haikurekebisha kila kitu. Miaka kadhaa baadaye, vijana waliolelewa kwa mlo ule wa mwanzo walipopimwa, wengi walikuwa bado na B12 pungufu na mifupa isiyo na madini ya kutosha, hata wale ambao kwa miaka mingi walikuwa wakila samaki na jibini. Ndiyo maana leo daktari wa watoto akikutana na familia inayotaka kumlea mtoto kwa nafaka, kunde na mboga tupu, jambo la kwanza atakalouliza ni B12 inatoka wapi, kwa vidonge au kwa mnyama, na atataka jibu kabla mtoto hajaachishwa ziwa.